Vipimo vya saikolojia kwenye kesi ya fidia: utoe ripoti, utoe faili lote, au usiliguse suala la akili?

Tuchukulie mwendesha bodaboda amegongwa na basi maeneo ya Nala, barabara ya Singida. Mguu umepona, fomu ya polisi ya PF3 ipo, risiti za hospitali zipo. Lakini usiku halali, akisikia honi anashtuka, na pikipiki iliyokuwa inamlisha imekaa uani tangu siku ile. Wakili wake ameandika kwenye hati ya madai kwamba mteja amepata madhara ya akili, akaambatanisha ripoti ya mwanasaikolojia. Baadaye inakuja barua ya wakili wa upande wa pili: tunaomba nyaraka zote za vipimo vya saikolojia, zikiwemo karatasi za majibu na alama ghafi.

Mteja anauliza swali moja: nitoe au nisitoe? Hilo limechelewa kidogo. Kwa sehemu kubwa jibu lilishaamuliwa siku hati ya madai ilipoandikwa, na siku alipochaguliwa mtu wa kupima. Hata hivyo barua ikishafika bado kuna njia tatu au nne, na hazilingani.

Ndani ya faili kuna nini

Watu husema "ripoti ya saikolojia" kana kwamba ni karatasi moja. Juu kabisa kuna ripoti yenyewe, yaani maelezo na hitimisho. Chini yake kuna alama: hojaji hii amepata ngapi, ile ngapi. Kisha zinakuja karatasi za majibu, alichojibu kwa kila swali na kwa kalamu yake. Halafu kuna kipimo chenyewe, yaani maswali, picha na mwongozo wa kusahihisha, ambavyo mara nyingi ni mali ya mchapishaji. Pembeni kabisa kuna madokezo ya mazungumzo. Humo ndimo mtu ameeleza habari za mkewe, pombe, deni la VICOBA, kaka aliyejiua.

Wakili anayeandika "nyaraka zote" anaomba tabaka zote hizo kwa mpigo. Wewe huna sababu ya kujibu kwa mpigo.

Wanasaikolojia wa Marekani wamelumbana sana juu ya tabaka hizi. Kanuni za maadili za chama chao kikuu zilipoandikwa upya mwaka 2002 ziliweka mpaka: data za mtu aliyepimwa, yakiwemo majibu yake, hutolewa kwake au kwa anayemruhusu kwa maandishi, isipokuwa mtaalamu akiona zitaleta madhara makubwa au zitatumiwa vibaya. Maswali na miongozo ya kipimo ni kitu kingine, na hivyo vinatakiwa kulindwa. Jimbo la Illinois limekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya siri za afya ya akili inakataza kutoa nyenzo za kipimo ambazo zikijulikana zitaharibu haki ya upimaji, na katazo hilo linamhusu hata aliyepimwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwenye mgogoro wa kazi kati ya kampuni ya umeme ya Detroit Edison na chama cha wafanyakazi, ilikataa kulazimisha maswali ya mtihani yakabidhiwe kwa chama, na ikasema alama zenye majina ya wafanyakazi zisitolewe bila ridhaa yao.

Tanzania hatuna sheria inayotenganisha tabaka hizi kwa majina. Hakuna linalomzuia wakili wako kuzitenganisha yeye mwenyewe kwenye majibu yake, na jaji anayeelezwa vizuri ataelewa tofauti kati ya majibu ya mtu na mtihani wenyewe.

Kudai madhara ya akili, au kuacha

Huu ndio ulinganisho wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote.

Ukidai mguu tu, bima ya basi haina njia rahisi ya kuingia kwenye historia yako ya akili. Ukidai na akili, umeifungua mwenyewe. Marekani wana kinga ya mazungumzo kati ya mgonjwa na mtoa tiba ya akili, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1996 kwenye shauri la Jaffee dhidi ya Redmond. Lakini hata huko, anayeleta hali yake ya akili mahakamani kama msingi wa madai hujikuta ameipoteza kinga hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwetu hata hiyo ya kupoteza ni nyembamba. Sheria ya Ushahidi inalinda mawasiliano ya mteja na wakili. Ya mgonjwa na daktari haiyalindi kwa namna hiyo. Daktari anabanwa na maadili ya kazi kutunza siri, ila mahakama ikitoa wito wa kuleta nyaraka, maadili peke yake hayatoshi kuukataa.

Wapo wanaotegemea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria hiyo ni ya maana. Inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na inakupa haki ya kujua kilichohifadhiwa juu yako. Lakini inaruhusu pia taarifa nyeti zitumike pale zinapohitajika kufungua au kutetea madai. Kwa hiyo itakusaidia dhidi ya karani anayepiga picha jalada lako na kulirusha WhatsApp. Wakili wa bima mwenye amri ya mahakama mkononi haitamzuia.

Kudai kuna faida gani basi? Madhara ya akili kwa kawaida huingia kwenye fidia ya jumla, ambayo hakimu au jaji huikadiria. Hasara ya kipato kwa sababu huwezi tena kuendesha ni jambo jingine. Ukiidai kama fidia maalumu, lazima uitaje na uithibitishe kwa hesabu, kama Mahakama ya Rufani ilivyosisitiza kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Na huwezi kuthibitisha kwamba mguu uliopona hauwezi kuendesha pikipiki bila kueleza kilichomo kichwani.

Msimamo wangu: kama usingizi ulipotea mwezi mmoja kisha ukarudi, achana nalo. Maumivu na usumbufu wa kawaida unaweza kuyaeleza mwenyewe kizimbani bila kipimo chochote. Kama maisha yamebadilika, kazi imekufa na watu wa nyumbani wanaona, dai, lakini ukijua mlango umefunguka. Cha hatari ni katikati: kuandika mstari mmoja wa "msongo mkubwa wa mawazo" ili kunenepesha madai. Unabeba gharama zote za kufungua faili kwa faida ya mstari mmoja.

Kumbuka pia kwamba muda wa kufungua madai ya madhara ya namna hii ni miaka 3. Unatosha kusubiri miezi kadhaa uone hali inakwenda wapi. Hautoshi kulala. Na kama uliumia ukiwa kazini kwa mwajiri, anza na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Hiyo ni njia nyingine kabisa, yenye tathmini zake.

Nani akupime: anayekutibu au mtaalamu wa kesi

Hapa Dodoma watu hufikiria hospitali ya akili ya Mirembe kwanza, na wengi huogopa muhuri wake kwa sababu ya utani wa mtaani tunaoujua wote. Tuondoe kwanza hofu moja: kupimwa Mirembe kwa ajili ya madai ya fidia hakuhusiani na Isanga, ambako hupelekwa watu kutoka kwenye kesi za jinai. Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, nazo ni milango ya kuanzia.

Swali la maana ni hili: mtu huyo anakupima ili akutibu, au ili aieleze mahakama?

Anayekutibu ana nguvu moja kubwa, nayo ni kwamba alikuona mapema kabla hujafikiria kesi. Aliandika malalamiko yako bila fedha yoyote kuning'inia. Mahakama hupenda ushahidi wa namna hiyo, nami ningeupenda. Udhaifu wake ni faili. Jalada la matibabu limebeba kila kitu: majibu ya VVU, ugomvi wa ndoa, miaka ya kunywa. Likiitwa, linaitwa zima. Majibu ya VVU yana ulinzi wake chini ya Sheria ya UKIMWI ya 2008, na wakili wako anapaswa kuomba yafunikwe kabla jalada halijatoka. Hayo mengine yanategemea hoja.

Mtaalamu wa kesi, yule anayetafutwa na wakili wako, ana faili jembamba. Anauliza kinachohusu ajali, hali ya kabla na hali ya baada. Na kama ameagizwa na wakili kwa ajili ya shauri, kabla ripoti haijawasilishwa wakili ana nafasi ya kujenga hoja kwamba karatasi hizo ni sehemu ya maandalizi ya siri ya kesi. Siku ripoti ikiwasilishwa, hoja hiyo inalainika. Udhaifu wake ni swali ambalo wakili wa upande wa pili hataacha kuliuliza: nani amekulipa?

Mwenye uwezo afanye yote mawili kwa mpangilio: atibiwe kwanza kama binadamu, kisha apimwe kwa ajili ya kesi na mtu mwingine. Mwenye uwezo wa kimoja achague matibabu. Kesi inaweza kushindwa. Usingizi unahitajika hata hivyo.

Barua imefika: ripoti tu?

Kutoa ripoti tu ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mteja anakitaka, na ni kizuri kwa hatua moja: usuluhishi. Kesi za madai hupelekwa kwanza kwa msuluhishi chini ya Amri ya VIII ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, na yanayosemwa pale hayageuzwi ushahidi baadaye. Bima ikitaka kumaliza, ripoti fupi iliyoandikwa vizuri inatosha kuzungumzia fedha. Sioni sababu ya kutoa zaidi mapema hivyo.

Kesi ikivuka hapo na kwenda kusikilizwa, ripoti tupu inaanza kuwa mzigo. Mahakama haifungwi na maoni ya mtaalamu. Inataka kuona amefikaje hapo. Wakili wa bima atasimama kwenye maswali ya dodoso na kuuliza: ulitumia hojaji ipi? Alipata alama ngapi? Karatasi iko wapi? Mtaalamu akijibu "iko ofisini", kila mtu ukumbini anaelewa. Ipo pia kanuni ya Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu, 1984: anayeacha kuleta shahidi muhimu bila sababu anaweza kudhaniwa kwamba shahidi huyo angesema kinyume naye. Shauri lile lilihusu mashahidi, lakini wakili mjanja hatashindwa kuisogeza hoja hiyo hadi kwenye karatasi.

Faili lote kwa wakili, au mtaalamu kwa mtaalamu?

Hizi mbili zinafanana kwa mbali, na ndipo watu wengi wanapoteleza.

Kumkabidhi wakili wa upande wa pili kila kitu kuna usafi wake: hakuna anayeweza kusema umeficha. Lakini wakili hakusomea kusahihisha vipimo. Atachukua swali moja katika mia na kulisoma kwa sauti: "Hapa umeandika umewahi kutamani usingezaliwa. Hiyo nayo ni basi?" Swali moja halina maana peke yake, maana kipimo hufanya kazi kwa jumla yake. Ila likishasomwa mahakamani limesomwa.

Halafu kuna suala la maswali kuvuja. Zile picha kumi za madoa ya wino za kipimo cha Rorschach, zilizochapishwa mwaka 1921, ziliwekwa zote kwenye Wikipedia mwaka 2009, na wanasaikolojia wakapiga kelele kwamba sasa mtu anaweza kujiandaa. Marekani wana vipimo vingi mbadala, hivyo kimoja kikiungua wanahamia kingine. Sisi vipimo vilivyotafsiriwa na kuchunguzwa kwa Kiswahili ni vichache. Kikizagaa kimoja, ameumia na mgonjwa wa kesho kutwa ambaye hata kesi hana.

Hoja hiyo isitumiwe ovyo, lakini. Ukipimwa kwa PHQ-9, yale maswali tisa ya sonona yenye alama 0 hadi 27, hakuna siri ya kulinda. Maswali yake yako wazi kwa yeyote. PCL-5, hojaji ya maswali 20 ya madhara ya tukio la kutisha, nayo inatolewa bure na kituo cha serikali ya Marekani. Hojaji ya maswali 20 ya ndiyo na hapana ya Shirika la Afya Duniani ni hivyo hivyo. Mtaalamu anayekataa kutoa karatasi ya PHQ-9 kwa kisingizio cha usalama wa kipimo anamharibia mteja. Hoja ya usalama ina uzito kwa vipimo vya kuuzwa, kama vya uwezo wa akili vya Wechsler au hojaji ya haiba ya MMPI-2 yenye sentensi 567 za kweli au si kweli.

Njia ya mtaalamu kwa mtaalamu ni hii: bima inamtaja mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili wake, na mtaalamu wako anamtumia alama na karatasi za majibu moja kwa moja. Mawakili wanapata ripoti mbili na hoja za kitaalamu, na maswali ya kipimo yanabaki kwa waliofunzwa kuyasoma. Inahitaji fedha, kwa sababu bima lazima ilipe mtu wake, na inahitaji makubaliano ya maandishi au amri. Kama upande wa pili hautaki, wakili wako anaweza kuiomba mahakama, kwa mamlaka yake ya asili, iweke masharti: nani aone, nakala zirudishwe lini, sehemu gani isikilizwe chemba, yaani faragha.

Mimi hii ndiyo naiona bora kwa kesi nyingi zinazofika hatua ya kusikilizwa, na sababu yangu kubwa si faragha. Ni kwamba mlango unafunguka pande zote mbili. Bima nayo inaweza kuomba upimwe na mtu wake, na mtu wake akaandika kwamba unaigiza. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Lees-Haley na wenzake walitengeneza kigezo cha sentensi 43 kutoka ndani ya MMPI-2, mahsusi kuwanasa waigizaji kwenye madai ya fidia. Mwaka 2007 kikaingizwa kwenye usahihishaji wa kawaida wa kipimo hicho. Wakosoaji walionyesha kwamba baadhi ya sentensi zake ni dalili za kawaida za mtu aliyeumia kweli: maumivu, usingizi mbovu, uchovu. Baadhi ya majaji wa Florida walizuia kigezo hicho kisitumike mbele yao. Sasa fikiria umeandikiwa "anaigiza" na huna karatasi ya majibu ya kuonyesha ni sentensi zipi zilizokuhukumu. Ukishikilia kwamba karatasi zako hazitoki, utawezaje kudai za kwake?

Kwetu kuna jambo la ziada la kuhoji, ambalo ripoti tupu hulificha: viwango. Alama ya kipimo cha kuuzwa husomwa kwa kulinganishwa na watu waliopimwa kwanza, na kwa vipimo vingi hao ni Wamarekani. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayefikiri kwa Kigogo, aliyepimwa kwa tafsiri ya papo kwa papo, hawezi kuwekwa kwenye mizani hiyo bila maelezo. Mtaalamu mzuri husema hivyo mwenyewe kwenye ripoti yake. Kama hakusema, mwenzake wa upande wa pili ataliona kwenye karatasi.

Nani achukue ipi

Aliyeumia kidogo na akapona: usidai akili. Anayetaka kumaliza kwenye usuluhishi: ripoti tu, fupi, isiyo na historia ya familia. Anayekwenda kusikilizwa na ana madai makubwa ya kipato: mtaalamu kwa mtaalamu, chini ya amri. Faili lote kwa wakili nitalishauri pale tu vipimo vyote ni vya wazi kama PHQ-9, madokezo hayana jambo la aibu, na upande wa pili unapiga kelele kwamba mnaficha. Hapo kuwaachia ndiko kunakowanyamazisha.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaifikirii. Nyaraka unazozitegemea zinatakiwa kuambatanishwa na hati ya madai, na kilichopokelewa kama kielelezo kinaingia kwenye kumbukumbu. Hukumu nazo hupandishwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na jina lako likitafutwa mtandaoni linaweza kuja na jina la ugonjwa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hilo ni jema, ila maana yake jirani wa Nkuhungu anaweza kusoma bila mkalimani. Ombi la kuficha jina au kusikiliza chemba lipelekwe mapema, kabla kielelezo hakijapokelewa. Baada ya hapo unaomba maji yaliyomwagika yazoleke.

Ukiletewa fomu ya ridhaa usaini, isome kabla ya kalamu. Mahali palipoandikwa "kumbukumbu zote za matibabu", kata, andika jina la mtaalamu, tarehe za vipimo, nani anakabidhiwa na kwa shauri namba ngapi. Weka tarehe ya mwisho wa ridhaa. Saini kando ya kila ulichokata, upige nakala, na nakala moja mwachie mtaalamu aliyekupima, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu kwanza.